Kikombe Kilichotundikwa Peke Yake

Swali: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na ninaishi Ngamiani, Tanga. Mwezi uliopita mwanangu wa miaka 10 alialikwa na mwenzake wa madrasa nyumbani kwao Raskazone, mtaa wa wenye nacho hapa mjini. Aliporudi aliniuliza kwa nini wenzake walipewa juisi kwenye glasi na yeye akapewa kwenye kikombe cha plastiki, kile kile alichonywea maji fundi bomba aliyekuwa akitengeneza nje. Bibi wa nyumba ile alikuwa amemuuliza anasoma wapi, anakaa barabara ya ngapi na baba yake anafanya kazi gani. Mume wangu anasema huo si ubaguzi, kila mtu na riziki yake. Niliingia jikoni kwangu na hasira zangu, nikakiona kikombe cha bati cha dada wa kazi kimetundikwa peke yake msumarini. Je, jambo hili lina jina? Ni kitu kimoja na tofauti ya kipato? Na mwanangu nimwambie nini?

Jibu: Mwalimu, barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na kilichonishika ni ule msumari. Wengi wanaoniandikia kuhusu matabaka huwa wanawalalamikia waliowazidi, na ni nadra mtu kuianza barua yake Raskazone akaimalizia jikoni kwake. Kwa kuwa umejitia mwenyewe ndani ya swali, nami sitakuficha kitu katika jibu.

Jina lipo, tena yapo mawili, na mume wako ameshika moja akaliacha la pili. La kwanza ni ukosefu wa usawa, yaani namna mali, kipato, ardhi, elimu na huduma zinavyogawanyika baina ya watu. Hili huhesabika, na wataalamu wa takwimu hulihesabu. La pili ni ubaguzi wa kitabaka, yaani hukumu anayopewa mtu kwa sababu ya fungu lililomwangukia katika mgawo huo: kwamba ni mchafu, hajui, hana haya, wala hakuna haja ya kumuuliza jina. La kwanza utalikuta katika hati ya kiwanja na daftari la benki, na la pili utalikuta katika sauti, kiti na chombo cha kunywea. Kama nyumba ile ilikuwa na glasi tatu na watoto wakawa wanne, huo ulikuwa uhaba wa glasi na maneno yangeishia hapo. Lakini kama glasi zilikuwa zimejaa kabatini na mkono ukazipita kuiendea plastiki, basi mkono huo ulikwisha kumpima mwanao na kumweka mahali pake.

Niongeze kwamba hata ukosefu wa usawa wenyewe si kitu kimoja na umaskini, ingawa kila siku watu huvichanganya. Utafiti wa bajeti za kaya wa mwaka 2017/18 ulionyesha kwamba asilimia 26.4 ya watu wa Tanzania Bara walikuwa chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi, wakati mwaka 2007 walikuwa asilimia 34.4. Umaskini, kwa kipimo hicho, umepungua. Hesabu hiyo hata hivyo haituelezi chochote kuhusu umbali uliopo kati ya wa juu na wa chini, kwa maana mtu anaweza kuezeka bati lake la kwanza katika mwaka ule ule ambao jirani yake anamalizia ghorofa ya tatu, na wote wawili wakaandikwa kuwa wamepiga hatua.

Mwanasosholojia Mjerumani Max Weber, aliyefariki mwaka 1920, alisisitiza kwamba mali na hadhi ni vitu viwili vinavyofuatana bila kulingana. Watu wa Tanga, kwa kweli, hawakuhitaji Mjerumani kuwaambia hayo. Tunamjua sharifu mwenye kanzu mbili anayeinukiwa na baraza nzima, na tunamjua tajiri wa juzi ambaye watu hula pilau yake kisha wakamcheka njiani kwa namna alivyowakaribisha.

Mwambao huu ulikuwa na mpangilio kamili wa vyeo vya watu tangu zamani, na maneno yake bado tunayo kinywani. Juu alikaa mwungwana, yaani mtu huru mwenye ukoo na mji. Chini yake alikuwako mtumwa, na watumwa nao walipangwa: mzalia, aliyezaliwa pwani na kujua lugha na mila, alijiona bora kuliko aliyeletwa karibuni kutoka bara, ambaye aliitwa mjinga. Ndiyo, neno hili hili unalowakataza wanafunzi wako wasitukanane nalo lilikuwa jina la mtu aliyeshushwa pwani juzi, ambaye kosa lake lilikuwa kutoijua Tanga wala Bagamoyo. Aliyebaki huko bara aliitwa mshenzi. Na mstaarabu, tunayemsifu leo kwa tabia njema, jina lake limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kufanana na Waarabu. Nguo zilikuwa zikitangaza cheo kabla mtu hajafungua kinywa: kaniki nyeusi ilikuwa vazi la mtumwa na fukara, na baada ya utumwa kufutwa wanawake waliokuwa watumwa waliiacha, wakachukua kanga na buibui. Mambo haya yameandikwa zaidi kuhusu Unguja, lakini mrima wetu, yaani pwani hii ya bara, haukuwa mbali nayo.

Serikali ya Kijerumani iliamuru kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 wawe huru, na Waingereza wakaufuta utumwa wenyewe kwa sheria ya mwaka 1922. Maneno hayakufutwa na sheria yoyote. Tunaposema mtu ametenda kiungwana tunasifu wema kwa jina la cheo, na methali ikisema ada ya mja hunena, mwungwana ni kitendo, imekwisha kuamua nani mpayukaji na nani mtu wa maana kabla hatujawaona wote wawili. Ipo nyingine ambayo watu huisema kwa kicheko, maskini akipata matako hulia mbwata, nayo haimcheki maskini kwa kukosa bali kwa kupata. Sikushauri uzifute methali hizi katika masomo yako. Ningependa tu watoto waulizwe ni nani aliyekuwa akizungumza zilipotungwa.

Chukua pia shikamoo, ambayo huelezwa kuwa ni kufupisha maneno ya kushika miguu ya mtu. Tunawafundisha watoto kwamba siku hizi ni salamu ya umri, mdogo humwamkia mkubwa. Sasa simama asubuhi mbele ya geti la ofisi yoyote ya mjini, uone mlinzi wa miaka 60, mwenye mvi na wajukuu, akimfungulia geti kijana wa miaka 30 aliye ndani ya gari lenye vioo vya giza, kisha usikilize nani anamwambia nani shikamoo. Nimelisikia kwa masikio yangu zaidi ya mara moja, na kilichonishangaza zaidi ya salamu yenyewe ni kwamba kijana aliitikia marahaba bila kutatizika hata kidogo.

Juu ya mpangilio huo wa pwani ukaja wa mkonge. Mwaka 1893 Richard Hindorf alileta miche ya mkonge iliyotoka Florida, na ile 62 iliyonusurika safarini ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Katika miaka ya 1960 nchi ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, na sehemu kubwa ilitoka mkoa wetu. Wakataji waliletwa kutoka mbali, Kigoma, Njombe, Songea, hata Burundi na Msumbiji, na tangu mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na shirika lao maalumu la kuwakusanya, likiitwa SILABU. Waliitwa manamba, kwa sababu shambani mtu alijulikana kwa namba yake.

Mimi nimekulia katika shamba mojawapo upande wa Muheza, baba yangu akiwa karani. Nyumba ya meneja ilikuwa kilimani penye upepo, za makarani na mafundi zilikuwa katikati na sakafu zake za saruji, na laini za manamba, yaani safu za makazi yao, zilikuwa chini, jirani na mtambo, ambako harufu ya maji ya mkonge haikuondoka hata siku ya Idi. Mama hakuwahi kutukataza kucheza na watoto wa laini. Alichofanya ni kutuita ndani kila walipokuja, leo tukachote maji, kesho tukapembue mchele, mpaka sisi wenyewe tukajua kwamba wakija hao mchezo umekwisha. Mama alikuwa mtu mpole na mwenye sadaka, na wale wale aliotutenga nao aliwapelekea uji wakiugua. Nakueleza haya ili usidhani kwamba ubaguzi wa kitabaka unahitaji mtu mwovu.

Mji nao ulijengwa kwa ramani hiyo hiyo. Raskazone, penye bahari na miti, palikuwa pa Wazungu, katikati palikuwa pa Wahindi wenye maduka, na Ngamiani pakawa pa Waafrika, kwa barabara zilizopewa namba badala ya majina. Baada ya uhuru ramani ya rangi iligeuka kuwa ramani ya fedha bila mtu kulazimika kubomoa ukuta hata mmoja, na ndiyo maana yule bibi, ambaye huenda babu yake hakuruhusiwa kukaa pale alipo yeye leo, aliweza kumtambua mwanao kwa namba ya barabara. Maswali yake yote matatu yalikuwa swali moja.

Lazima niseme pia kwamba tuliwahi kujaribu kwenda njia nyingine. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwakataza viongozi kuwa na mishahara miwili, hisa katika makampuni na nyumba za kupangisha, na katika mazungumzo ya hadhara waziri na mkulima waliitwa kwa neno moja, ndugu. Masharti hayo yalilegezwa mwaka 1991 katika kikao cha chama tawala kilichofanyika Zanzibar, na baada ya hapo ndugu alianza kujiondokea taratibu akatupisha na mheshimiwa. Sidai kwamba enzi za ndugu hazikuwa na wakubwa, kwani maduka ya kaya yalipokuwa matupu wapo waliopata sukari kwa mlango wa nyuma, na sisi tuliopanga foleni tuliwajua. Hata hivyo neno hilo lilimpa mtu wa chini kitu cha kushikilia: aliyedharauliwa aliweza kusema, ndugu, mbona hivi? Mheshimiwa huwezi kumwanzia hivyo.

Sasa nifike mahali unapopajua kuliko mimi, darasani. Tangu Januari 2016 ada imeondolewa katika shule za serikali hadi kidato cha nne, na hilo si jambo dogo. Lakini mtoto wa shule tunazoziita za Kayumba husoma miaka saba kwa Kiswahili, kisha akaketi kidato cha kwanza pamoja na aliyesoma inglishi midiamu tangu chekechea, na somo la baiolojia likaanza kwa Kiingereza. Baada ya wiki tatu mmoja huonekana mwepesi na mwingine mzito. Walichotofautiana ni maneno, na maneno yale yalinunuliwa na wazazi, lakini ripoti ya mwisho wa muhula huandika kana kwamba ni akili. Mwanasosholojia Mfaransa Pierre Bourdieu alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuonyesha jambo hili: familia huwarithisha watoto namna ya kusema, kukaa na kupenda vitu, kisha shule huupa urithi huo alama na kuuita kipaji. Hapo ndipo mambo yale mawili niliyoyatenganisha mwanzoni yanaporudi kukutana. Mgawo usio sawa huzaa dharau, na dharau huja kuutetea mgawo kwa kusema kwamba aliyepata kidogo ndiye aliyestahili kidogo.

Kikombe cha jikoni kwako kinafanya kazi hiyo hiyo. Amri ya mishahara ya mwaka 2013 iliweka kima cha chini cha shilingi 40,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa nyumbani anayelala kwa mwajiri wa kawaida, na viwango vimepandishwa tangu wakati huo. Amri hiyo hiyo iliweka shilingi 150,000 kwa aliyeajiriwa na wanadiplomasia na wafanyabiashara wakubwa. Kufua ni kule kule, kupika ni kule kule, na mtoto anayebebwa mgongoni ana uzito ule ule, lakini bei ya kazi ilipangwa kwa cheo cha anayefanyiwa. Najua hoja ya uwezo wa mwajiri, na mshahara wa mwalimu naujua vilevile. Nakuomba tu utazame jinsi fedha ndogo kiasi hicho inavyoweza kulipwa mwezi baada ya mwezi bila nyumba kuona aibu. Inawezekana kwa sababu kila siku, asubuhi na jioni, nyumba nzima inakumbushwa kwa msumari kwamba huyu si kama sisi. Mtu ambaye kikombe chake ni tofauti, mshahara wake ukiwa tofauti hakuna anayeshtuka.

Kuna watakaokuambia kwamba ni usafi tu, kila mtu na chombo chake. Ingekuwa usafi, kila mmoja wenu nyumbani angekuwa na msumari wake. Tena dada huyo huyo ndiye anayekanda unga wa chapati, anayeonja chumvi ya mchuzi na kumlisha mtoto mdogo kwa mkono; haiwezekani mkono wake uwe safi kiasi cha kuwalisha wote, kisha mdomo wake uwe mchafu kiasi cha kuogopwa na kikombe.

Kwa mume wako ningesema kwa heshima kwamba riziki sibishani nayo. Riziki hutoka kwa Mungu, lakini kikombe kilitoka kabatini, na kati ya Mungu na kabati kulikuwa na mkono wa mtu. Tena watoto wale walikuwa wametoka madrasa, ambako wote hukaa mkeka mmoja.

Mwanao usimwambie kwamba hakuona alichokiona. Watoto wengi huuliza swali kama lake mara moja tu, na wakijibiwa kwamba wamekosea huacha kuuliza, ila hawaachi kuona. Mwambie kwamba alikuwa sahihi, kwamba yule bibi alimpima kwa barabara na shule, na kwamba kosa lile ni la aliyepima. Usimkataze kurudi kwa rafiki yake. Rafiki hakufanya neno, na urafiki wa aina hiyo, unaovuka kutoka Ngamiani hadi Raskazone, hautengenezeki kwa hotuba. Wala usiende kumgombeza bibi wa watu. Ukipenda, mwalike mjukuu wake kwako, umpe chai katika kikombe kilekile unachompa mwanao. Habari ya mapokezi hufika nyumbani haraka kuliko barua.

Ama dada wa kazi, naona uanzie kwenye fedha na saa. Wengi wakishaona aibu hukimbilia kikombe, kwa sababu kikombe hakina gharama. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamhusu naye: saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki, anastahili saa 24 za mapumziko mfululizo kila wiki na likizo ya siku 28 kwa mwaka, na masharti ya kazi yake yanatakiwa yaandikwe. Kipo pia chama cha wafanyakazi, CHODAWU, kinachopokea wafanyakazi wa nyumbani. Kaa naye, mwandikiane, na katika karatasi hiyo liandikwe jina lake kamili, ambalo nina shaka kama watoto wako wanalijua.

Baada ya hapo uondoe msumari. Ila usimlazimishe kuketi nanyi mezani ili nafsi yako ipate kutulia. Nimezungumza na wasichana wengi wa kazi hizi, na baadhi yao waliniambia kwamba dakika 20 za kula jikoni peke yao ndizo dakika pekee za siku ambazo hakuna anayewaita. Muulize anapotaka kula. Vikombe vipange vyote katika rafu moja, cha bati kikiwa kati yao, umwachie achukue anachotaka, na kama kwa wiki za mwanzo ataendelea kuchukua kile cha bati, mwache akinywee.